Kidole Hutaja Mtu, Hakitaji Kabila

Mwezi wa Julai mwaka 2023, mjini Kilifi, Wapemba ambao baba na babu zao walivuka bahari na kutua katika mwambao huu, wengine kabla ya Kenya kupata uhuru na wengine baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, walikabidhiwa vitambulisho vya taifa mbele ya Rais William Ruto, na kwa hati ile wakatoka katika hali ya watu wasiokuwa na dola yoyote inayokiri kuwa wao ni wake. Idadi yao ilikadiriwa kuwa watu wapatao 7,000, wengi wao wavuvi na jamaa za wavuvi, waliozaliwa hapa na kuwazika wazazi wao hapa, lakini ambao kwa kukosa kipande hawakuweza kukata leseni ya uvuvi kwa majina yao, wala kufungua akaunti benki, wala kusajili laini ya simu pasipo kuazima jina la jirani.

Mtu anayeomba kitambulisho nchini Kenya hutakiwa mambo mawili ambayo tumeyazoea hata hatuyatafakari tena. La kwanza ni kutaja katika fomu kabila lake na nasaba yake. La pili ni kutia vidole vyake vyote kumi. Hilo la kwanza ni ushahidi wa ulimi, unaothibitishwa na wazazi, na mzee wa mtaa, na chifu. Hilo la pili ni ushahidi wa mwili wenyewe. Wapemba walikuwa na vidole kama wanadamu wengine wote, vyenye alama kamili zisizopungua kitu, na walichokosa miaka yote ile ni jina la kaumu yao katika orodha ya serikali. Kisa chao kinatupa sababu njema ya kulichungua swali ambalo huzuka katika baraza zetu kila habari za usajili zinapotajwa, nalo ni hili: je, alama za vidole za kaumu moja hutofautiana na za kaumu nyingine, hata mjuzi akitazama alama ya dole gumba aweze kusema kwa yakini kwamba huyu ni Mgiriama, na huyu ni Mbajuni, na huyu ni Mwarabu, na huyu ni Mhindi? Jawabu lake lina sehemu mbili, na aghalabu watu huishika moja wakaiacha ya pili.

Umbo la alama na asili yake

Ngozi ya ncha za vidole imejaa matuta madogo sana, yenye mifereji baina yake na vitundu vya jasho juu ya migongo yake, ambayo humsaidia mtu kushika kitu kisimponyoke na kuhisi ukwaruzo na ulaini wa kila anachokigusa. Wataalamu huyagawa maumbo ya matuta hayo katika mafungu matatu makubwa: tao, ambalo mistari yake huingia upande mmoja wa kidole, ikainuka katikati, ikatokea upande wa pili, kitanzi, ambacho mistari yake huingia, ikapinda, ikarudi upande ule ule ilikoingilia, na mzingo, ambao mistari yake huzunguka ikafanya duara. Kwa kukadiria dunia nzima, vitanzi ni baina ya asilimia 60 na 65 ya alama zote, mizingo ni baina ya 30 na 35, na matao ni kiasi cha asilimia 5 tu. Ndani ya maumbo hayo mna mambo madogo zaidi, pale ambapo tuta moja hukatika ghafula, au hugawanyika likafanya panda; na ni mpangilio wa vikomo na panda hizo unaomtenga mtu na mwenzake, maana umbo kubwa peke yake limegawiwa mamilioni ya watu.

Maumbo haya huchorwa mtoto angali tumboni mwa mamaye. Kiasi cha juma la saba vidole vya kijusi huwa na vivimbe katika ncha zake, na kuanzia juma la kumi vivimbe hivyo huanza kunywea, ilhali matuta ya ngozi nayo yanaanza kujitokeza, kazi inayokamilika karibu na juma la kumi na saba. Kivimbe kikiwa bado kimeinuka wakati huo, hutokea mzingo. Kikiwa kimenywea nusu, hutokea kitanzi. Na kikiwa kimelala, hutokea tao. Urithi wa wazazi una sehemu kubwa katika jambo hili, kwani mwaka 2022 watafiti wa China na Uingereza, waliochunguza watu zaidi ya 23,000, walitangaza kuwa wamepata sehemu 43 za jeni zinazohusiana na maumbo ya vidole, na nyingi miongoni mwazo ni zile zile zinazosimamia ukuaji wa mikono na miguu. Lakini juu ya urithi huo hupita mambo ya tumboni yasiyohesabika, kama vile kasi ya kukua kwa kila kidole na namna kijusi alivyolala katika maji yake, hata pacha wa yai moja, ambao urithi wao ni mmoja, huzaliwa na alama zisizolingana. Msomaji Mwislamu hataacha kuikumbuka hapa Sura ya Al-Qiyama, ambayo katika kueleza ufufuo wa mifupa inazitaja ncha za vidole. Na ukumbusho huo una mahali pake, maana jambo lililo dogo katika mwili ndilo lililobeba dalili ya upekee wa kila mja.

Tofauti za kaumu, zilivyo na zisivyokuwa

Aliyelitafuta kabila katika vidole kwa bidii kuliko wote alikuwa Mwingereza Francis Galton, mtu aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba wanadamu wana daraja za ubora kwa kuzaliwa kwao. Katika kitabu chake cha mwaka 1892 alilinganisha alama za Waingereza, Wawelshi, Mayahudi, Wabasque na watu weusi wa Afrika, akitaraji kuona muhuri wa kila kaumu katika ngozi yao. Hakuuona. Alikiri kwamba hakupata umbo lolote lililokuwa la kaumu moja na likakosekana katika nyingine, wala hakupata katika vidole dalili ya akili au tabia ya mtu. Kukiri huko kuna uzito mkubwa, kwa kuwa kulitoka kwa mtu ambaye itikadi yake yote ilimvuta upande wa pili. Naye huyo huyo ndiye aliyekadiria kwamba uwezekano wa alama mbili za watu wawili kulingana sawasawa ni mmoja katika bilioni 64.

Waliomfuata Galton walihesabu kwa wingi zaidi, nao waliona kwamba maumbo yote hupatikana kwa watu wote, ila kiasi chake hakilingani. Mizingo huzidi kwa watu wa Asia ya Mashariki, na kwa wenyeji wa asili wa Australia huzidi zaidi. Matao huonekana mara nyingi zaidi kwa Wasan wa kusini mwa Afrika kuliko kwa kaumu nyingine nyingi. Mwaka 2015 Nichole Fournier na Ann Ross wa Marekani walichapisha uchunguzi wa kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa watu 243, wenye asili ya Afrika na wenye asili ya Ulaya, wanaume kwa wanawake. Wakaona kwamba hesabu ya panda za matuta ilitofautiana baina ya makundi hayo mawili ya asili, ilhali baina ya wanaume na wanawake hawakuona tofauti ya kutegemewa. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba hakuna tofauti yoyote baina ya kaumu amepunguza ukweli, na mwenye kusema kwamba tofauti hiyo humtambulisha mtu kabila lake ameuzidisha ukweli hata ukaharibika.

Tuchukue mfano wa pwani. Madau mawili yamerudi Malindi, moja limeleta changu sita na tafi wanne katika kila samaki kumi, na la pili limeleta changu watano na tafi watano. Mwenye kuhesabu shehena yote atasema bila ya shaka kwamba madau hayo hayakuvua sawa. Lakini ukimpa tafi mmoja mkononi, ukamwuliza ametoka dau gani, hana la kujibu ila kubahatisha. Ndivyo ilivyo hesabu ya vidole vya kaumu. Ni habari ya jumla inayomfaa mwanachuoni wa maumbile ya binadamu, na haimfai kadhi, wala afisa wa polisi, wala msajili aliyekabiliwa na mtu mmoja mbele ya meza yake. Uchunguzi wa jeni nao unaafiki jambo hili, kwani Richard Lewontin alionyesha mwaka 1972 kwamba kiasi cha asilimia 85 ya tofauti za kurithi za wanadamu hupatikana ndani ya kaumu moja moja, na sehemu iliyobaki ndiyo inayotenga kaumu na kaumu.

Sisi wa mwambao tunayo hoja nyingine iliyo karibu zaidi, nayo imelala ardhini Mtwapa, katika kaunti hii hii ya Kilifi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya Waswahili na sehemu za karibu yake, wa Mtwapa wakiwamo, ambao waliishi baina ya mwaka 1250 na mwaka 1800. Jeni zao zilionyesha kwamba tangu kiasi cha mwaka 1000 watu wa Afrika na watu wa Asia, hasa Waajemi, walioana katika pwani hii, na kwamba wengi wa wazee wale walirithi upande wa Afrika zaidi kwa kina mama, na upande wa Uajemi zaidi kwa kina baba. Basi tuulize: kidole cha mtu wa Mtwapa wa zama zile kingekuwa cha kabila gani? Mtu yule alikuwa zao la mabara mawili, na majirani zake walimjua kwa jina lake, na kwa nyumba yake, na kwa mwenendo wake. Watu wa Malindi, Mambrui na Takaungu wa leo, ambao katika jamaa zao mna Mijikenda, na Mbajuni, na Mhadhrami, wamo katika hukumu hiyo hiyo.

Kipande shingoni

Ikiwa kidole hakitaji kabila, mbona historia ya alama za vidole imeshikamana na kabila na rangi namna hii? Sababu ni kwamba tangu mwanzo dola hazikuuliza kidole kinasema nini, bali ziliamua ni watu gani watakaolazimishwa kutia kidole. Mwaka 1858 huko Bengal, afisa wa Kiingereza William Herschel alimtaka mkandarasi Rajyadhar Konai atie alama ya kiganja chake katika mkataba, ili asije akaukana. Baadaye Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal, alipata sifa ya kuanzisha utaratibu wa kupanga alama katika makabati ili ziweze kutafutika, ingawa waliotia akili na hesabu katika kazi ile, hata zikapatikana nafasi 1,024 za kuweka karatasi, walikuwa wasaidizi wake Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Utaratibu huo ulifika London mwaka 1901, nao ukaenezwa katika makoloni. Huko Transvaal ulitumiwa juu ya Wahindi, jambo ambalo Mohandas Gandhi alilipinga kuanzia mwaka 1906.

Hapa kwetu sheria ya kuwasajili wenyeji ilitungwa mwaka 1915, mwaka mmoja tu baada ya serikali kuibomoa Kaya Fungo kwa baruti katika vita vya Wagiriama, vita ambavyo Mekatilili wa Menza aliviwashia moto kwa kuwakataza watu wake wasiwatoe vijana kwenda kufanya kazi ya kulazimishwa. Sheria ile ilipoanza kutekelezwa baada ya vita vikuu, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa achukue kipande chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake na habari za waajiri wake, kikiwa katika kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Na aliyeonekana bila ya kipande alistahili faini au kifungo. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande hicho mapema miaka ya 1920, nao walijua wanachokipinga, kwani chombo kile kilikusudiwa kumfunga mfanyakazi kwa bwana wake asiweze kuondoka.

Ushahidi wa dhamiri ya watawala ulidhihiri baada ya vita vya pili vya dunia. Sheria ya mwaka 1947 ilitaka wanaume wa kaumu zote wasajiliwe na kutia vidole, Wazungu wakiwamo, nao walowezi wakaghadhibika kwa kuona wanashushiwa heshima yao. Tume ikaundwa chini ya Sir Bertrand Glancy, na matokeo yake yakawa kwamba mtu ajuaye kusoma na kuandika aliweza kutoa picha na sahihi badala ya vidole. Matuta ya kidole cha mlowezi yalikuwa matuta, na ya Mgiriama yalikuwa matuta. Kilichotofautiana ni nani mwenye nguvu ya kukataa. Wanawake wa Kenya walikaa nje ya usajili huo hata mwaka 1978, na walipoingizwa ndipo walipopata hati ya kuonyesha kwamba wao nao ni raia, miaka 15 baada ya uhuru.

Tofauti iliyo ya kweli

Ipo hata hivyo tofauti moja ya vidole ambayo huwadhuru watu wa kaunti ya Kilifi kila siku, nayo haitokani na nasaba yao, inatokana na riziki yao. Mwenye kuchonga mawe ya matumbawe katika matimbo, mwenye kukusanya chumvi katika mashamba ya Gongoni na Marereni, mwenye kukata mkonge Vipingo, mgema na mkwezi wanaokumbatia minazi alfajiri na jioni, mvuvi anayevuta mshipi na jarife, fundi anayechanganya saruji kwa mkono mtupu, mama anayefua nazi na kusuka makuti: hao wote huzisugua ncha za vidole vyao mwaka baada ya mwaka hata matuta yakalala. Umri nao huzidisha taabu, kwa kuwa ngozi ya mzee hukauka na kulegea, na matuta ya wanawake tangu hapo aghalabu ni membamba kuliko ya wanaume. Mizizi ya matuta hubaki chini ya ngozi, na mtu akipumzika majuma kadhaa alama zake huweza kurudi kama zilivyokuwa. Lakini ni nani katika hao anayeweza kuacha kazi majuma kadhaa kwa ajili ya mashine?

Na mashine zimekuwa nyingi. Tangu usajili wa wapiga kura wa mwaka 2012, vidole vyetu vimekuwa vikitakiwa katika uchaguzi, katika benki, katika usajili mkuu wa Huduma Namba wa mwaka 2019, na katika huduma za wanyonge wanaostahili msaada. Mzee ambaye mashine imemkataa huambiwa ajaribu kidole kingine, kisha kingine, kisha arudi siku nyingine kwa nauli asiyokuwa nayo. Naye huondoka akiona haya, kana kwamba amepatikana na hatia, ilhali kosa lake pekee ni kufanya kazi ngumu aushi yake yote. Mwenye kutaka kujua alama za vidole hutofautiana wapi baina ya watu na watu, na aanzie hapo.

Neno la insafu

Kwa sababu hizo natoa rai tatu. Ya kwanza ni kwamba asiwepo mtu wa kukadiria kabila au uraia wa mtu kwa alama za vidole, hata likija jina la kitaalamu na chombo cha thamani kubwa, maana ilimu yenyewe imekwisha kusema kwamba haina uwezo huo. Wajuzi wakubwa wamewahi kuteleza katika jambo lililo jepesi kuliko hilo: mwaka 2004 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilimkamata wakili wa Oregon aliyekuwa Mwislamu, Brandon Mayfield, kwa kudai kwamba alama iliyopatikana baada ya milipuko ya Madrid ilikuwa yake, na polisi wa Hispania wakaonyesha kwamba ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Ikiwa jicho la mjuzi huweza kukosea katika kulinganisha alama na alama, sembuse katika kukisia asili ya mtu.

Ya pili ni kwamba popote mashine inaposhindwa kusoma kidole, sheria na desturi ya ofisi zimpe mwenye kidole njia nyingine ya kuthibitisha nafsi yake papo hapo, kwa picha, au kwa hati, au kwa mashahidi, bila ya kumrudisha nyumbani na bila ya kumtia aibu. Mahakama Kuu, katika hukumu yake ya Januari 2020 juu ya Huduma Namba, ilizuia serikali isikusanye jeni za watu, ikataka pia usajili ule usiendelee pasipo sheria ya kulinda habari zao. Hiyo ni dalili kwamba mwili wa raia si mali ya ofisi, na mwenye kuutumia kwa ushahidi ana wajibu wa kumhifadhi mwenye mwili huo.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Wamakonde waliotembea kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho, na Wapemba wa Kilifi waliosubiri hata mwaka 2023, wote walilazimika kwanza kutambuliwa kuwa kabila ndipo kila mmoja wao atambuliwe kuwa mtu. Utaratibu huo umeweka nyuma lililostahili kuwa mbele. Mtoto aliyezaliwa Mayungu au Watamu, ambaye wazazi wake wanajulikana, na majirani wake wanamshuhudia, ana haki yake mwenyewe ya uraia kabla ya jamaa zake kupata nambari katika orodha ya makabila. Vidole vyake kumi, ambavyo havijawahi kupatikana kwa mwanadamu mwingine, vinatosha kumwambia msajili kwamba aliye mbele yake ni nafsi moja iliyo kamili, na dola iliyovitaka vidole hivyo kwa lazima kwa muda wa karne nzima inapasa sasa iuheshimu ushahidi wake.